Kilatini cha Duka la Kimea

Shangazi yangu anauza unga wa ulezi na kimea cha pombe pale Nkende. Hakuniomba tovuti. Nilimtengenezea kwa sababu nilikuwa nimejifunza njia mpya ya kupanga kurasa na mikono ilikuwa inaniwasha. Maneno ya kuweka sikuwa nayo, nikajaza kile Kilatini kisicho na maana ambacho sisi watengeneza tovuti hukiweka kushikilia nafasi. Nilipomwonyesha kwenye simu, alivaa miwani, akasoma kwa sauti, akafanya ishara ya msalaba.

"Umeniwekea sala," akasema.

"Hapana, shangazi. Hayo ni maneno tu, nayafuta sasa hivi."

"Ukifuta, usije tena kula kwangu."

Nikayaacha, maana ugali wake ni mtamu kuliko tovuti yoyote. Baadaye akamwonyesha mteja wake mmoja, katekista mstaafu aliyetumikia misa za Kilatini utotoni. Mzee akasoma, akakunja uso.

"Mama, hiki Kilatini kimelewa."

Shangazi hakutikisika. "Kwenye duka la kimea ulitaka kiwe na akili timamu?"

Tovuti ipo hewani mpaka leo. Bei ya ulezi bado sijaiweka.