Wamagamba Walipofukuzwa na Baraza

Miaka ile nilipokuwa nikiishi mtaa wa Kabiria na binamu yangu, binti ya shangazi, mimi ndiye niliyekuwa Mmagamba wa kwanza. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi waliokuja baadaye hawakulijua, na walioambiwa walilisahau upesi.

Wamagamba walikuwa viumbe wa mchezo wa kompyuta. Mchezo wenyewe ulichezwa katika duka moja la kompyuta katikati ya jiji, ghorofa ya kwanza, juu ya wauza vitambaa. Mwenye duka alikuwa Singasinga wa makamo, mpole wa sauti, ambaye sote tulimwita Anko. Siku za kazi aliuza vipuri, na watu walikuja kusoma barua pepe. Jumamosi mchana, ofisi zikishafungwa, aliziunganisha mashine zake zote kwa nyaya na kutuachia anga nzima: sayari, miezi na vyombo vya kusafiria. Kila mchezaji alichagua aina yake ya viumbe. Kila aina ilikuwa na sayari yake na msemaji wake, na wasemaji walikutana katika Baraza. Hapo Anko alikuwa na sheria yake: anayetaka kulihutubia Baraza asimame pale pale dukani, aseme kwa mdomo, sote tumsikie.

Mimi nilikuwa mchapaji katika ofisi ndogo ya jirani, na ndivyo nilivyoujua mchezo. Nilipofika, aina nzuri zilikuwa zimeshachukuliwa. Kulikuwa na viumbe warefu wanaong'aa, ambao ndio waliolitawala Baraza, na msemaji wao alikuwa kijana mmoja wa Loresho, mtaa wa wenye nazo, aliyetoka chuo kikuu juzi juzi. Waliobaki bila mwenyewe walikuwa Wamagamba: wafupi, wazito wa mwendo, ngozi kama ya kenge, mikono minne. Sayari yao ilikuwa barafu tupu. Nikawachukua hivyo hivyo. Kwa miezi nilichimba visima chini ya ile barafu, nikagundua mwenyewe namna ya kuyapasha maji yasigande njiani, nikajenga mji mzima chini ya ardhi. Wachezaji wapya walipouona mji, walianza kujiunga nami mmoja mmoja. Wakaniacha niwe msemaji, bila hata kupiga kura.

Ndipo nikamleta binamu yangu.

Alikuwa akiuza viatu katika maduka ya Adams Arcade, na Jumamosi mchana hakuwa na la kufanya. Yeye ni mdogo wangu, kwa hiyo huniita dada. Siku ya kwanza alikishika kipanya cha kompyuta kwa ncha za vidole kama kitu kinachoweza kumwuma. Watu wakacheka, naye akacheka kuwashinda. Nilimfundisha kuchimba, hakujua kuchimba. Nilimfundisha kupasha maji, alisahau nusu ya visima. Lakini viti vya karibu naye havikukaa vitupu. Mimi nilikuwa nimeketi na watu wale muda wote huo na sikujua kwamba mmoja wao alikuwa amefiwa na baba, na mwingine anatafuta nyumba ya kupanga. Yeye alijua katika Jumamosi mbili. Nilikuwa nikiwasikia wakimsimulia mambo yao huku nimekodoa macho kwenye skrini yangu, na kitu kama moshi wa makaa kikinipanda kifuani.

Baraza likataka maji yetu. Kijana wa Loresho alisema visima ni vya anga nzima, kwamba Wamagamba wavikabidhi. Nikakataa. Niliandika jibu langu kwenye skrini tu, kwa sababu kusimama mbele ya watu hunishinda. Mchezo uliruhusu adhabu moja iliyozidi zote: aina nzima ya viumbe kufukuzwa katika sayari yao, waishi ndani ya vyombo angani mpaka apatikane wa kuwapokea. Kura ikapigwa. Tukafukuzwa.

Nilikuwa bado natafuta la kuandika niliposikia kiti kikisukumwa. Binamu yangu alikuwa amesimama.

"Sawa, tunaenda," alisema. "Lakini mtuangalie vizuri tukitoka. Hesabuni hii mikono yetu. Hii ndiyo ilichimba hizo visima. Mkishaanza kusikia kiu, mtaikumbuka."

Mikono yake miwili ilikuwa imeinuliwa juu, na naapa hata mimi niliona minne. Kisha Anko akapiga makofi, na watu wakafuata, hata waliokuwa wametupigia kura ya kutufukuza. Nami nikapiga. Yeye hakuwa amechimba hata visima vitatu.

Kwa kuwa tulikuwa tumepoteza sayari, sheria ilitutaka tuchague msemaji upya. Wakamchagua yeye. Nilipata kura yangu mwenyewe na ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mkimya aliyependa visima kama mimi. Tukiwa njiani kurudi nyumbani, binamu yangu alinishika mkono.

"Dada, mimi hata sikutaka. Si ungesema tu, nikatae."

"Wamekuchagua," nikamwambia. "Kaa nayo."

Afadhali angetaka. Mtu akikunyang'anya kitu anachokitamani, unaweza kumchukia ukapumzika. Yeye alipewa nilichokitamani mimi, na hakuwa na haja nacho.

Nilidhani uhamishoni tutakonda tuishe. Vyombo vilikuwa vibovu, chakula kidogo, hakuna pa kulima. Badala yake huo ndio uliokuwa wakati mzuri wa wenzangu. Kila Jumamosi binamu yangu alisimama kuwaomba wa sayari nyingine watupokee, na kila alipoomba alipata. Viumbe wenye mabawa walitupa mwezi wao mmoja. Wengine walitupa mbegu. Alishona vibandiko vya kitambaa vyenye mikono minne, akawagawia wenzetu wavae kifuani, na baada ya muda vikaanza kuonekana hata kwa watu wasiokuwa Wamagamba. Watu walikuja kutoka mbali kuuliza kama bado kuna nafasi kwetu. Hawakuulizia mji niliojenga. Waliulizia waliofukuzwa.

Hata yule kijana wa Loresho, aliyetufukuza, alianza kupitia Adams Arcade kuangalia viatu. Alikuwa na gari la baba yake. Siku moja aliturudisha wote wawili hadi Kabiria, na njia nzima alimwuliza binamu yangu habari za uhamishoni kana kwamba ni nchi ya kweli. Mimi nilikaa nyuma. Tulipofika, mama mwenye nyumba wetu alikuwa langoni.

"Huyu ndiye yule wa mchezo?" aliniuliza, macho kwa binamu yangu. "Ananichekesha huyu msichana!"

"Ndiye," nikasema.

Huku nyuma sayari yetu ilikuwa ikiharibika. Baraza lilikuwa na visima lakini halikujua kupasha, na maji yaliganda. Jumamosi moja kijana wa Loresho alisimama, akaonekana hataki kusema anachosema. Wamagamba wanaweza kurudi, alisema. Wote. Isipokuwa msemaji wao, kwa sababu Baraza halijasahau alivyolisema mbele ya watu.

Wenzetu wakaguna. Binamu yangu akasimama. "Msinihurumie," alisema. "Anayetaka kurudi arudi. Sitamwuliza mtu."

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikasimama, mara ya kwanza tangu niingie duka lile.

"Mimi narudi," nikasema. "Vile visima nilivichimba mimi."

Basi. Sikuwa na zaidi ya hayo. Nilisubiri viti visukumwe nyuma yangu. Kilisukumwa kimoja, cha yule mwalimu. Wengine wote walibaki na binamu yangu.

Wapo walioacha kunisalimia. Mpaka leo siamini nilikosea. Nyumba ilikuwa yangu kabla haijawa hadithi ya mtu mwingine. Mimi na mwalimu tulianza upya, kisima baada ya kisima, na maji yakarudi. Niliketi tena kwenye kiti cha msemaji. Lakini wao walikuwa wamekaa safu ya pili karibu na dirisha, na kila walipocheka vidole vyangu vilikosea kibodi.

Nyumbani binamu yangu hakubadilika. Alipika zamu yake, akaniwekea chakula changu nikichelewa. Jioni moja nilishindwa kuvumilia.

"Umenikasirikia?"

"Kwa nini?" Alikuwa akichambua mboga ya sukuma wiki. "Wewe ulikuwa unapenda kule. Mimi kule nilikuwa naskia tu baridi."

Alicheka, akaendelea na kazi yake. Ningefurahi angenirushia ile sukuma usoni.

Mwishoni Anko alitangaza kwamba anafunga duka. Jengo lilikuwa linauzwa. Kabla ya Jumamosi ya mwisho kijana wa Loresho alinijia ofisini kwetu. Alisema Baraza liko tayari kumsamehe binamu yangu arudi, lakini sheria inataka msemaji wa sayari akubali. Yaani mimi. Nilifikiri sana. Nilijiona nikisimama kumpa ruhusa mbele ya watu wote, naye akinishukuru. Kusema kweli niliitamani ile shukrani.

Nikakubali. Siku ilipofika nikasimama, nikasema niliyojizoeza kusema: sayari iko wazi kwake, aje nyumbani. Watu walishangilia. Binamu yangu aliinuka, akanitazama kwa upendo kabisa.

"Asante, dada," alisema. "Lakini sisi tumeshazoea huku. Nyinyi ndio mje mtutembelee."

Duka likalipuka kwa kicheko na makofi. Mwalimu wangu naye alikuwa akipiga makofi.

Anko alipozima mashine, watu hawakutaka kutawanyika. Binamu yangu akawaongoza wote kwenda kula chipsi ng'ambo ya barabara, akanivuta nami kwa mkono. Meza zikaunganishwa. Nilikaa mwisho, karibu na msichana aliyekuwa amejiunga wiki chache tu zilizopita, kibandiko kipya kifuani.

"Na wewe ulikuwa upande gani?" aliniuliza.

Kabla sijayapanga maneno, binamu yangu alidakia kutoka kule alikokuwa. "Huyo ni dada yangu, bwana! Hebu msogezee chumvi."

Msichana yule akanigeukia, uso umemng'aa, akanisogezea chumvi kwa heshima kubwa. Akaniuliza kama ni kweli naishi naye nyumba moja, na nyumbani yukoje.