Nilitabiri Zalifa hataliachia jitu lake

Leo dada yangu Zalifa amenifunga bila kurusha mpira!

Tunacheza ligi ya kikapu ya kwenye kompyuta, mimi nina timu ya Mahajanga, yeye ya Nosy Be. Mkataba wa mchezaji wake mrefu kuliko wote uliisha, ila sheria inamruhusu kumbakiza akilipa sawa na dau la timu nyingine.

Nikatangaza kwenye kundi la ligi yetu: "Zalifa hamwachii huyo mtu!"

Nikaweka dau kubwa mno, ili tu atoke jasho kulifikia.

Akanipigia simu kutoka kwake Ambatoloaka, anacheka hadi anakohoa.

"Mchukue, kaka. Nilijua tu utaingia mtegoni wewe."

Jamani!

Sasa, pamoja na mawili niliyokuwa nayo, nina majitu matatu, na hakuna hata moja linalojua kudundisha mpira.

Nani ana mchezaji mfupi tubadilishane? Nimekaa hapa hapa, nasubiri.