Mgeni Aliyepoza Ruta Yangu

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Kalemie, na wala si usiku wa manane kama visa vya watu wanaopenda kutisha watoto. Ilikuwa mchana, jua la utosi, bati linalia juu ya kichwa. Sikuwa nimelala. Sikuwa mgonjwa. Ukiwa na shaka, njoo nyumbani nikuonyeshe vidole vyangu.

Ilikuwa wakati ule vita viliposhuka kutoka kaskazini, watu wa Uvira na Baraka wakawa wanakimbia kwa njia ya ziwa. Kila boti iliyofika bandarini ilijaa mpaka ukingoni: magodoro, mbuzi, wazee wa kubebwa. Mdogo wangu Zaituni alikuwa Uvira na mtoto wake Mwamini, ambaye hata miaka miwili hajatimiza. Na mumewe walipoteana siku ya kukimbia. Ujumbe wake wa mwisho ulisema amepata nafasi kwenye boti, lakini hajui itawashusha wapi. Boti zenyewe hazikuaminika: moja inafika Kalemie, nyingine inaishia Kabimba, nyingine ikiona doria inawamwaga watu ufukweni na kugeuza. Tukakubaliana kwamba akishuka tu ananiambia yuko wapi, nami ninamfuata siku hiyo hiyo. Mtoto alikuwa na homa tangu Uvira. Basi unaelewa nilivyokuwa naishika simu yangu.

Minara ya simu siku zile ilikuwa inazimika ovyo. Mimi nilikuwa na kisahani cha setilaiti juu ya bati, betri na sola, vitu nilivyobaki navyo tangu nilipofanya kazi kwenye duka la intaneti karibu na stesheni ya gari moshi. Na nilikuwa na ruta, kile kisanduku chenye antena kinachogawa intaneti nyumbani bila waya. Habari zikaenea mtaani, baraza langu likajaa watu, kila mmoja na simu yake, kila mmoja anamtafuta wake. Ningemfukuza nani? Lakini simu zote zile kwenye kisanduku kimoja ni mzigo. Ujumbe ulikuwa unazunguka tu, hauingii wala hautoki.

Nikaamua kuikimbiza ruta. Ndani yake kuna prosesa, kipande kinachofanya hesabu zote, na kiwandani wameshaipangia mwendo wake. Anayejua kuingia kwenye mipangilio anaweza kuilazimisha iende mbio zaidi. Si uchawi, nilikuwa nikifanya hivyo kazini. Shida ni kwamba mbio zina joto. Kwa utaratibu unapandisha kidogo, unaiacha siku nzima, unaigusa, ndipo unapandisha tena. Unabandika vibati vya kupozea juu ya prosesa, unaweka feni, unakiinua kisanduku kipate hewa chini. Sasa mimi feni yangu ilikuwa imekufa, na mdogo wangu alikuwa juu ya maji. Nikapandisha kwa mkupuo mmoja.

Ikaenda! Watu barazani walipiga makofi. Lakini ilipofika saa saba mchana huwezi kuweka mkono juu yake, na chumba kinanuka plastiki inayoungua. Nikalowesha kitambaa, nikakikamua vizuri, nikaifunika kama unavyomfunika mtoto mwenye homa. Wewe usithubutu, maji na umeme havijuani. Ilikuwa inazimika, inawaka, inazimika. Watu wakaondoka kwenda kuswali adhuhuri, nikabaki peke yangu, nimepiga magoti mbele ya kisanduku kama mwehu.

Ndipo nilipomwona mwanamume amesimama ndani. Hakupiga hodi. Alikuwa amevaa koti zito la sufu, lile la watu wa milimani huko juu ya Moba, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Kwa jua lile! Nilidhani ni mmoja wa wakimbizi, maana nyuso ngeni zilikuwa nyingi.

"Asalaam aleikum, papa," nikasema.

"Mashine yako iko moto, mama," akajibu.

"Iko moto sana. Na miye niko na muntu wangu ku maji."

"Acha niishike."

Akakaa kwenye mkeka, akaondoa kitambaa, akaweka kiganja chake juu ya ruta. Amini usiamini, harufu ya kuungua ilikatika pale pale. Taa zikatulia. Niligusa ubavuni mwa kisanduku nikakuta ubaridi wa maji ya mtungi.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza. Nikapandisha mpaka mahali ambapo mashine yoyote ingeyeyuka, na yenyewe inazidi kupoa. Mwanamume yule alifumba macho, mabega yake yakashuka, akapumua kwa raha. Hapo hapo simu yangu ikalia. Ilikuwa ujumbe wa sauti wa Zaituni, ananiita yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Usitoke nyumbani, yaya. Ninakuja."

Nililia kwa furaha. Nitakuficha nini? Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na yule mgeni, nikamletea maji ya kunywa, ambayo hakuyagusa. Ila kuna kitu kilinikwaruza. Kwetu sisi, familia za Waislamu wa ziwani, hata mtu akija kuomba chumvi kwa jirani, salamu kwanza. Na kwenye ujumbe wa sauti ni hivyo hivyo. Zaituni ndiye amezidi: salamu zake zinaweza kumaliza nusu ya ujumbe, mpaka huwa namtania kwamba nyumba ikiungua ataniuliza kwanza nimeamkaje. Ujumbe huu ulianzia katikati. Unajua nilijiambia nini? Nilijiambia mashine ina mbio mno, inakata vichwa vya ujumbe. Fundi anapata maelezo ya kila kitu, hilo ndilo tatizo letu.

Watu waliporudi, simu zao nazo zikaanza kulia. Ilikuwa kama sikukuu. "Mama, ruta yako inakula salamu!" mmoja akanipigia kelele kutoka nje, wote wakacheka, nami nikacheka. Jioni mgeni aliondoka bila kuaga na ruta ikawaka moto tena. Kesho yake, jua la utosi, nikamkuta tena mkekani, kiganja juu ya kisanduku, na siku zilizofuata vivyo hivyo. Sikumwuliza jina. Nilikuwa namwogopa kidogo, nikiri, lakini nilimhitaji zaidi kuliko nilivyomwogopa. Kila nilipomtumia Zaituni swali, uko wapi, mtoto anaendeleaje, jibu lilikuwa lile lile. Usitoke nyumbani, yaya. Ninakuja.

Alasiri moja alipita mpagazi wa bandarini akiwa amekasirika. Alisema boti zinafika, watu wanashuka na watoto na wagonjwa, na hakuna ndugu hata mmoja anayekuja kuwapokea. "Mumekuwa aje, watu wa mutaa huu? Wote munakaa tu na matelefoni!" Watu wakamjibu kwamba wameambiwa wangoje.

Kisha akaja Mama Sifa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Simu alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Mume wake, Papa Sifa, alikuwa amefariki kabla ya vita kufika kwetu. Si mtu aliyepotea, hapana. Alifia kitandani, tulimwosha na kumzika hapa hapa mjini, na kwenye matanga yake mimi ndiye niliyepika wali.

"Mama, sikiliza," akasema. "Njo yeye, ni yeye kabisa. Njo sauti yake."

Akabonyeza. Ilikuwa sauti ya Papa Sifa, na kile kikohozi chake kidogo cha tumbaku.

"Usitoke nyumbani. Ninakuja."

Maneno yale yale. Hakuna salamu. Niliangalia baraza zima, watu wamekaa na simu zao masikioni, wanatabasamu, na nikajua kwamba wote wameambiwa hivyo hivyo. Sijawahi kuogopa vile, hata siku za mizinga.

Nikaingia ndani. Nilisimama karibu naye, nikasema kwa sauti, "Asalaam aleikum." Hakujibu. Nikarudia. Alifungua macho akanitazama kwa upole tu, kama mtu anayesubiri kelele ziishe. Nikang'oa waya wa umeme kutoka kwenye betri.

Taa za ruta ziliendelea kuwaka.

"Usizime," akasema. "Umewasha moto mukubwa, mama. Niliuona toka mbali. Kule tuko na baridi."

"Kule wapi?"

"Tuko wengi," akajibu, na kiganja chake kikazidi kukandamiza.

Nikaelewa kwamba hakuwa amekuja kunisaidia. Alikuwa anaota moto. Joto lote nililolitengeneza mimi kwa kuikimbiza mashine, yeye alikuwa analinywa, na zile sauti zilikuwa za kunifanya nikae nyumbani, mimi na baraza zima, tumchochelee moto. Hasira ilinipanda kuliko hofu. Mdogo wangu yuko kusikojulikana na mtoto mgonjwa, na huyu anajipasha mikono!

Nyuma ya ruta kuna tundu dogo. Ukichomeka kitu chembamba ukashikilia, mashine inasahau yote uliyoifundisha na kurudi kwenye mwendo wake wa kiwandani. Nilichomoa pini ya mtandio wangu nikaichomeka. Ili kufika pale vidole vyangu vilibidi vipite chini ya mkono wake, na ubaridi ule sina maneno yake. Uliingia kwenye mfupa. Nilipiga kelele lakini sikuachia. Taa zikapepesa, zikazimika zote. Joto la chumba likarudi mwilini mwangu ghafla, jasho likanitiririka, na mkekani hakukuwa na mtu. Barazani nikasikia watu wanaulizana kwa nini simu zimenyamaza.

Niliiacha ruta ipumzike. Niliinua kisanduku juu ya vizibo vinne vya soda, nikaisogeza mbali na ukuta wenye jua, nikachukua feni ya kompyuta mbovu ya shemeji yangu, nikaifunga ipulize kando. Kisha nikairudishia umeme kwa mwendo wake wa kiwandani, taratibu kama konokono. Nilisubiri huku naombea. Ujumbe wa Zaituni ukaanza kuingia, mmoja mmoja, uliokuwa umekwama siku zote zile.

"Asalaam aleikum, yaya. Umeamkaje? Nyumbani wazima? Majirani je? Sisi tuko Kabimba, boti imetushusha huku. Mutoto homa yake imepanda. Wenzetu wanatafuta pikipiki za kuja Kalemie, nawe uniambie, niende nao?"

Uliofuata: "Asalaam aleikum, yaya. Nimekusikia. Wenzetu wameenda, miye nimebaki kama vile umesema."

Na wa mwisho, kwa sauti iliyochoka: "Yaya, kila siku unasema nisitoke hapa, unakuja. Basi uje."

Mimi nilisema? Sikuwa nimemtumia hata neno moja la namna hiyo. Ndugu yangu, yule kiumbe alikuwa amesema kwa sauti ya mdogo wangu kwangu, na kwa sauti yangu kwa mdogo wangu, na sisi wawili tumekaa, mmoja huku, mmoja kule, tunangojana.

Nilitoka mbio na pikipiki ya kwanza niliyoipata mpaka Kabimba. Nilimkuta ufukweni chini ya kipande cha turubai, mtoto kifuani. Nikaita, "Zaituni!" Hakunyanyuka. Alimfunika mtoto kwa mikono yote miwili, akanitazama kama unavyotazama mbwa usiyemjua.

"Salimia kwanza," akasema.

Nilimsalimia. Nilimpa salamu zote ninazozijua, za nyumbani, za majirani, mpaka za kuku, huku nalia mbele ya watu. Hapo ndipo aliponiachia mtoto.

Mwamini alipona hospitalini, ila sikio la kushoto halisikii tena, homa ilikaa naye muda mrefu mno. Kwenye ufukwe ule kulikuwa na wengine walioambiwa wangoje, na si wote waliowahiwa. Vidole vyangu viwili hivi havina hisia mpaka leo. Ninaweza kushika navyo sufuria ya moto nisisikie, ndiyo maana ninapika na kitambaa kama bibi arusi.

Mume wa Zaituni yuko hai, yuko ng'ambo Kigoma. Anatuma ujumbe kila siku, na salamu ndefu kabisa, ninazisikia mimi. Zaituni hajasikiliza hata mmoja. Simu ikilia anatoka chumbani. Anasema, "Huyo mtu akija kwa miguu yake, nimguse, nitamfungulia mlango." Mume anaumia, anadhani hapendwi tena, na kila nikijaribu kumweleza ananiambia niache hadithi. Nami sina la kumlazimisha mdogo wangu, kwa sababu hata mimi, akiniita kutoka chumba cha pili, siitiki mpaka nimwone.

Kwa hiyo nisikilize. Kama una ruta nyumbani na unataka kuikimbiza, ikimbize kidogo kidogo, na joto lake ulitoe mwenyewe, kwa feni na kwa hewa, usimwachie mwingine. Na siku ukiigusa, jua kali, mzigo mzito, ukakuta imekuwa baridi bila wewe kufanya lolote, usifurahi. Zima, kisha toka uende ukawatafute watu wako kwa miguu.