Tawi la Muthengera

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, kijijini kwetu karibu na Mweiga, palikuwa pamebaki muthengera mmoja tu. Miti mingine ya aina hiyo ilishapasuliwa mbao. Huo wetu ulisimama juu ya shamba la viazi, na cucu, mama yake baba, alikuwa ametuonya: mti huo hauna maua, mbegu yake hukaa uchi. Ukivunja tawi lake kukiwa na mjamzito nyumbani, mtoto atatoka kabla ya wakati.

Mama alikuwa na mimba ya miezi saba.

Siku moja mwalimu wetu Barasa, mtu wa Bungoma, alitutuma tulete mimea miwili. "Mmoja wa maua, mwingine usiotoa maua kabisa. Tutalinganisha."

Wa maua ulikuwa rahisi. Maigoya yalijaa kando ya kila njia, na majani yake laini ndiyo tuliyojipangusia chooni. Ule wa pili ulinitesa usiku kucha. Lakini nilitaka sana kumpendeza mwalimu. Asubuhi nikavunja kitawi, nikakificha ndani ya sweta.

Darasani mwalimu aliinua mimea yote miwili. "Haya maigoya hufunika mbegu yake ndani ya ua. Huu mwingine huiacha wazi. Umefanya vizuri."

Wenzangu walipiga makofi. Kumbe cucu alisema kweli kuhusu mbegu. Basi na lile lingine je?

Niliporudi, mama hakuwapo. Alikuwa amepelekwa hospitali Nyeri kwa gari la maziwa. Nikamfuata cucu jikoni, nikamwambia yote.

"Usimwambie mtu mwingine," akasema. "Na usiuguse tena."

Kwa wiki tatu, kila aliyeingia langoni nilidhani analeta msiba. Hatimaye mama alirudi na ndugu yangu, mzima, vidole vyembamba kama njiti. Sikuthubutu kumshika.

Nilikuwa na watoto wangu wawili siku mama aliponisimulia, tukimenya viazi, kwamba alfajiri ya siku aliyopelekwa hospitali aliteleza na gunia shambani kabla sijaamka. "Cucu yako ndiye aliyeniinua," alisema.

Cucu alikuwa ameshafariki. Nadhani alinificha ukweli kwa kuhofia mti wake ungeisha tawi kwa tawi, na hofu yangu ndiyo uzio pekee aliokuwa nao. Namwelewa, ingawa bado inaniuma. Wanangu nikiwakataza kitu, nawaambia na sababu yake, hata ikinichukua jioni nzima.