Uvimbe ni Wangu, Majibu Akapewa Mume

Admin, jina nifichie, hasira zangu ziache zilivyo. Nina miaka thelathini na minane, watoto watatu, nakaa Bofu huku Likoni, kazi yangu kushona madera. Mkiona makosa mnisamehe.

Miezi sita iliyopita niligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Nikaenda na mume wangu kwa daktari wetu wa mtaani, mtu mzima, ametutibu tangu nilipoolewa. Akanichoma sindano, akachukua sampuli ya kupima, akatuambia turudi baada ya wiki mbili. Tuliporudi akamwita mume ndani, mimi nikaachwa kwenye benchi. Kwetu hilo si ajabu, mwanamume akiwepo ndiye anayezungumzwa naye, na mimi mjinga sikuuliza.

Mume akatoka akicheka. "Ni mafuta tu yamejikusanya. Meza vidonge hivi, utakaa sawa."

Nikameza. Vitamini! Wallahi miezi mitano nameza vitamini, na uvimbe unakua hadi sidiria sivai.

Mwezi uliopita mtoto akashikwa na homa. Natafuta daftari lake la zahanati juu ya kabati, nakuta langu limezungushiwa kanzu ya mume. Mwandiko ule sikuuweza, nikampelekea muuguzi mmoja wa Mikindani niliyesoma naye. Akasoma, akanitazama.

"Kwani hukuambiwa?"

"Niambiwe nini?"

Imeandikwa saratani ya titi, aende hospitali kubwa haraka, mume ameelezwa. Mume ameelezwa! Titi ni la mume?

Nilipombana akalia. Ati alimwomba daktari anifiche, aliogopa nitakufa kwa fikra, alikuwa anatafuta namna. Namna gani miezi mitano? Na kumbe mavyaa, mamake mume, anajua, wifi anajua. Ndiyo maana mavyaa akawa ananiletea supu kila Ijumaa, machozi yanamlenga. Mimi nikadhani hatimaye amenipenda!

Nikamfuata daktari mbele ya wagonjwa wake, hata shikamoo sikumpa. Akasema, "Mwanangu, mumeo aliniomba, nikaamini atakupeleka. Nilifanya kwa wema." Wema huo angemfanyia mkewe?

Huko hospitali kubwa nimepimwa upya, naanza matibabu wiki ijayo. Daktari wa kule ameniambia wazi kwamba ningefika mapema mambo yangekuwa mepesi.

Sasa sikieni hili. Jana yule daktari wa mtaa amekuja nyumbani, kakaa na mume na mavyaa, wanataka niwarudishie daftari, yaishe humu ndani. Wifi anasema nikimshitaki kwa bodi ya madaktari mtaa mzima utakosa wa kuwatibu. Mume naye ameapa, nikilipeleka daftari huko, hospitali nitakwenda peke yangu. Ninaogopa kwenda peke yangu, siwafichi. Sijui nitarudi vipi nyumbani baada ya dawa zile, na watoto nimwachie nani.

Nishaurini jamani. Niwape daftari nipate mtu wa kunishika mkono, au nishitaki niende mwenyewe? Ila asije mtu kuniambia nivumilie. Nimevumilia miezi mitano bila hata kuambiwa ninavumilia nini.