Majibu Yaliyofungiwa Kabatini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara hakuniuliza vyeti. Alinikalisha mbele ya hadubini, akawasha taa yake, akasema, "Niambie unaona nini. Usiniambie ulichosoma."

Nilikuwa binti wa Machame, nimetoka chuoni moja kwa moja. Nikaona seli za shavu la mtu, kila moja na kiini chake. Pembeni mwa kiini kimoja kulikuwa na kidoa cha rangi ileile.

"Hicho ndicho utakachokitafuta," alisema. "Kemikali ikivunja vinasaba, yaani maagizo ambayo mwili huyafuata kujijenga, seli inapogawanyika kipande huachwa nje ya kiini. Kazi yako ni kuvihesabu vipande hivyo."

Nilihesabu miaka mingi, kwa macho, kidole gumba kikibonyeza kifaa cha kuhesabia. Kila kioo kilibandikwa namba badala ya jina, ili nisijue kama natazama shavu la mpuliza dawa ya wadudu au la mwalimu wa Kibosho ambaye hajawahi kushika bomba la kupulizia. Tulipomaliza kuhesabu ndipo Mkuu alipofungua daftari la majina. Alikuwa mkali, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Hasira yangu ilianzia Kahe, kwenye mashamba ya nyanya. Wapulizaji walibeba bomba mgongoni, dawa ikiwachuruzikia mpaka kiunoni. Wengine waliikoroga kwa mkono mtupu. Niliwakwangua ndani ya mashavu kwa kijiti cha mbao, nikapaka seli kwenye vioo. Mama mmoja, Mama Neema, alifungua kinywa, kisha akakifunga kabla sijamgusa.

"Dada, wengi wamekuja kutupima. Hakuna aliyerudi. Wewe utarudi?"

"Nitawaletea majibu mwenyewe, mama."

Akafungua kinywa.

Vidoa vilikuwa vingi mno kwa wapulizaji, vichache kwa walimu. Mkuu akasema, "Rudia." Nikarudia. Akakaa yeye mwenyewe kwenye hadubini siku nzima, akainuka, akaandika ripoti, tukaipeleka kwa Mkurugenzi wa taasisi yetu.

Mkurugenzi aliisoma tukiwa tumesimama. Kampuni iliyouza dawa ile ilikuwa imetuahidi mashine mpya, na yeye alikuwa ameshatenga chumba cha kuziweka.

"Hii ibaki ndani kwanza," alisema. "Mnataka kuwatia wakulima hofu?"

"Hofu ndiyo inayotakiwa, Mkurugenzi," nikamjibu.

"Binti, wewe hesabu. Kuamua ni kazi yangu."

Akaifungia kabatini. Nje, Mkuu aliniambia nisubiri, kwamba mambo haya yana utaratibu wake. Nikasubiri. Ninyi vijana mnaosoma haya, msiniandike shujaa. Nilisubiri misimu miwili mizima, nikinywa chai ya saa nne kila siku na watu waliojua ninachokijua.

Asubuhi moja mlinzi aliniita getini. Alikuwa Mama Neema, tumbo limeshakuwa kubwa.

"Nimekuja kuuliza majibu," alisema. "Naona mmechelewa."

"Mama, bado unapuliza?"

"Napuliza. Nilijua kungekuwa na ubaya mngesema. Mlivyonyamaza, nikajua tuko salama."

Nilimwambia yote palepale, mlinzi akisikia. Nikamweleza pia kwamba vidoa si ugonjwa, ni dalili kwamba mwili unaumizwa, na kwamba hakuna mtaalamu awezaye kumtabiria mtu mmoja yatakayompata.

"Kumbe mlijua?"

Jumamosi nilikwenda Kahe bila ruhusa, na nakala yangu ya hesabu na majina, nikawasomea wapulizaji majibu yao, mmoja mmoja. Jumatatu Mkurugenzi alinihamishia stoo ya vifaa, na huko nilibaki mpaka nilipostaafu, nikigawa glavu. Mkuu wa Maabara hakunitetea. Dawa ile ilikuja kuondolewa madukani kimyakimya, bila mtu yeyote kuwaambia waliokuwa wameipuliza kwa nini. Siku ya kuniaga walinisifu kwa uvumilivu. Nilitamani kuirusha ile zawadi yao dirishani.

Mtoto wa Mama Neema alizaliwa mzima. Watu huniambia basi nishukuru, mambo yaliisha vizuri. Hayakuisha vizuri. Bahati haikuwa kazi yetu. Kazi yetu ilikuwa kusema. Kijana, ukikwangua shavu la mtu, majibu ni yake kabla hayajawa yako wala ya bosi wako.

Baada ya kustaafu nilikwenda kumwomba radhi Mama Neema. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti na maji, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuja kutuambia, nakushukuru," alisema. "Lakini ile misimu miwili, mama, ilikuwa yetu. Haikuwa yako kuisubiri."