Masikio ya Sufuria ya Spageti

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja karibu na Kinoru mjini Meru, sikupika chochote. Mpishi mkuu, mzee wa Kiritiri asiyecheka na mtu, alijaza maji kwenye sufuria ndefu akaniambia niiinue. Niliinua, nikamwagia viatu vyake.

"Mama, sufuria ni ya kuinuliwa, si ya kuangaliwa," akasema. "Urembo wake hauliwi."

Mwenye hoteli tulimwita Hajji. Alikuwa na malori ya kwenda Maua, na madereva wake walipenda spageti kuliko githeri yetu ya mahindi na maharagwe. Sasa spageti inataka maji mengi, na maji mengi yanataka sufuria yenye kimo, la sivyo inashikana kama uji uliolala. Chini pawe pazito. Ukigonga kwa kidole isikike nzito, isilie kama kengele ya mbuzi, kwa sababu nyembamba huunguza katikati na pembeni hapajachemka. Nyinyi vijana mnaonunua kwa simu, picha mtaigongaje?

Sufuria zetu za kawaida hazina masikio. Unashika ukingo kwa vitambaa viwili. Lakini ile ndefu lazima uiinamishe kumwaga maji, kwa hivyo inataka masikio, na yawe ya ribiti, yaani pini za chuma zinazopita hadi ndani zikagongwa. Yaliyobandikwa tu kwa moto, achana nayo.

Miaka ikapita, Hajji akafungua tawi Embu, akanihamishia huko pamoja na Halima, mpishi mwenzangu kutoka Maua. Halima alikuwa mtu wa kicheko, na mshahara wake ndio uliomlisha mama yake mgonjwa. Jiko la Embu lilikuwa wazi, wateja wanatuona tukipika, na meneja, kijana wa tai, hakupenda vitambaa vyetu.

"Hapa ni hoteli, si matanga," alisema. "Wateja hawataki kuona matambara."

Akatuletea sufuria ya kung'aa, haina ukingo, masikio yamebandikwa. Niliigonga, ikalia. Nikamwambia kwamba fundi wa jua kali, mfua vyuma pale sokoni, angetutengenezea ya alumini nzito, yenye ribiti, tena kwa bei ya chini.

"Mama Kathambi, uliajiriwa kupika ama kununua?" akaniuliza.

Halima akanivuta kando. "Wacha, dada. Tutaizoea. Nikifutwa, mama atakula nini?"

Siku moja ya soko, saa ya chakula cha mchana, Halima aliinua sufuria amwage maji na sikio moja likachomoka. Maji yote yalimshukia mkono wa kulia. Woi! Kile kilio bado nakisikia.

Meneja alimwambia Hajji kwamba Halima alikuwa mzembe. Hajji alipofika, nilimwekea lile sikio mezani.

"Hili halikuvunjwa na Halima," nikamwambia. "Lilitoka dukani likiwa bovu."

Hajji aliligeuza, akaona hakuna ribiti. Alilipa hospitali, akaagiza fundi atutengenezee sufuria kama niliyoitaka. Lakini vidole vya Halima vilikuwa vimekunjamana, havifunguki tena.

"Jikoni hakuna kazi ya mkono mmoja," Hajji akasema, naye hakuwa na furaha kulisema. Nilimsihi ampe hata kazi ya kupokea wageni. Akakataa. Halima akarudi Maua.

Sasa nimestaafu, niko Kianjokoma na mgongo wangu unaouma. Majirani huniuliza wanunue sufuria gani, nami nawaeleza. Wakiniuliza kama kazi ilikuwa tamu, nawarudisha kwenye sufuria. Ilinilisha, siwezi kuitukana, lakini kuisifu pia sitaki.

Juzi nilienda Maua kumwona Halima. Mama yake alishafariki, anaishi peke yake, na kile kicheko chake sikukisikia. Tulizungumza habari za watoto wangu, halafu akauliza:

"Ile sufuria ya fundi, ilikuwa na masikio mazuri?"

"Mazuri sana. Niliiacha pale siku ya kustaafu. Haijamchoma mtu."

"Alhamdulillahi," akasema, kwa moyo mweupe kabisa, akanimiminia chai kwa mkono wa kushoto.

Niliishika ile chai mpaka ikapoa.